Sindano, Wino na Sheria: Usalama katika Kuchanja Ngozi

Katika Rubwera, kama katika sehemu nyingi za wilaya za Kyerwa na Karagwe, alama za wembe mwilini si jambo geni. Wako watu wazima wenye chale ndogo ndogo kifuani, mgongoni au kwenye viungo, walizochanjwa utotoni ili dawa ipakwe na kuingia mwilini. Siku hizi kuna alama za aina nyingine. Vijana wanaokwenda Mwanza, Kampala au Dar es Salaam huweza kurudi wakiwa na maua, majina na picha zilizochorwa kwa sindano na wino, ambazo wenyewe huziita tatuu. Mzee aweza kuiona chale kuwa ni tiba na tatuu kuwa ni upuuzi. Kijana naye aweza kufikiri kinyume chake. Kwa macho ya sayansi, hata hivyo, vitu hivyo viwili ni tendo moja: ngozi hupasuliwa, na kitu kigeni hutiwa ndani yake.

Nchi za Ulaya, ambako inakadiriwa kuwa yapata mtu mmoja kati ya wanane ana mchoro wa namna hii, zimetunga sheria na viwango vingi vya kusimamia kazi hiyo. Yafaa kuzichunguza, si kwa sababu kila lifanywalo Ulaya ni la kuigwa, bali kwa sababu zinaonyesha waziwazi hatari ziko wapi. Hatari hizo haziulizi kama aliyeshika chombo ni fundi wa Paris au mganga wa kijijini.

NGOZI IKICHANJWA

Ngozi ina matabaka mawili makuu. Tabaka la juu hubanduka kidogo kidogo na kujengwa upya kila baada ya wiki chache. Rangi inayoishia hapo hutoweka, kama hina inavyotoweka. Kwa hiyo mchoraji anayetaka alama ya kudumu hana budi kuipeleka sindano hadi tabaka la ndani, kina cha milimita 1 au 2, mahali penye mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Hapo ndipo mchoro unapoacha kuwa pambo na kuwa jeraha.

Mwili hauupokei wino kwa amani. Chembe hai za ulinzi, ziitwazo makrofaji, hufika na kuimeza rangi, lakini haziwezi kuiyeyusha. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kutangazwa mwaka 2018, kwa kutumia panya, ulionyesha kuwa makrofaji zenye rangi zinapokufa, rangi humwagika na kumezwa tena na makrofaji changa. Hivyo mchoro unaodhaniwa kuwa umetulia ni kazi isiyokoma ya kumeza na kutema. Isitoshe, sehemu ya rangi huchukuliwa hadi kwenye tezi za limfu. Mwaka 2017 watafiti waliotumia miali ya eksirei huko Grenoble waliitambua rangi hiyo katika tezi za watu waliokuwa na michoro. Ni dhahiri, basi, kuwa kitu kinachotiwa ndani ya ngozi hakibaki katika ngozi peke yake.

DAMU KATIKA UKALI WA CHOMBO

Adui wa kwanza ni vijidudu. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B vyaweza kudumu nje ya mwili, katika damu iliyokauka, kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu hiyo laweza kuwa dogo hata lisionekane kwa macho. Wembe uliofutwa kwa kitambaa huonekana safi, kumbe si salama. Nchini Tanzania chanjo dhidi ya ugonjwa huo ilianza kutolewa kwa watoto wachanga mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakuipata.

Mkoa wa Kagera una sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo. Ingawa njia kuu ya maambukizo ilikuwa, na bado ni, kujamiiana, mafunzo ya afya yaliyofuata yaliuhesabu wembe unaotumiwa na watu wengi miongoni mwa hatari, na kusisitiza kila mtu awe na wembe wake. Mkoa huo huo ulipatwa na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 katika wilaya ya Bukoba, na tena mwaka 2025 katika wilaya ya Biharamulo. Ugonjwa huo nao huambukiza kwa kugusana na damu na majimaji mengine ya mgonjwa.

Wengine hudhani kuwa kuchemsha chombo kwatosha. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini mbegu za baadhi ya bakteria, kama za pepopunda, huweza kuvumilia maji yachemkayo. Tena, mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kama ilivyo katika sehemu za vilima vya Karagwe, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za sentigredi, wala hayafiki 100. Ndiyo maana hospitali hutumia mvuke uliobanwa katika chombo maalumu, wenye joto la nyuzi 121, kwa muda wa dakika 15 au zaidi. Asiye na chombo hicho ana njia moja tu ya hakika: kutumia kifaa kipya kilichofungwa, kwa mtu mmoja, kisha kukitupa mahali salama.

NANI ARUHUSIWE, NA WAPI

Sheria za Ulaya huanzia hapo hapo. Ufaransa, kwa amri ya serikali ya mwaka 2008, ilimtaka kila mchora ngozi atoe taarifa kwa mamlaka kabla ya kuanza kazi, asome mafunzo ya usafi na afya kwa saa 21, na atumie vifaa vya mara moja au vilivyotakaswa kabisa. Mteja naye ni lazima aelezwe hatari zilizopo kabla hajachorwa. Katika England, sheria ya mwaka 1982 iliziwezesha halmashauri kuandikisha wachoraji pamoja na majengo yao. Wales ilikwenda mbali zaidi: tangu mwishoni mwa mwaka 2024 kujiandikisha tu hakutoshi, bali leseni yahitajiwa. Tofauti hiyo si ndogo. Daftari huonyesha tu nani yupo na wapi. Leseni hutolewa kwa aliyethibitisha ujuzi, nayo huweza kunyang'anywa.

Pamoja na sheria kuna viwango. Mwaka 2020 shirika la viwango la Ulaya lilitoa kiwango EN 17169, kinachoeleza namna ya kupanga chumba, kuosha mikono, kuvaa glavu, kutakasa vyombo na kutupa sindano. Kiwango si sheria; mtu hukifuata kwa hiari, isipokuwa pale serikali inapoamua kukitia katika sheria zake. Faida yake ni kwamba mkaguzi na fundi huwa na kipimo kimoja, na ugomvi juu ya maana ya neno "safi" hupungua.

UMRI WA ANAYECHORWA

Alama isiyofutika ni uamuzi usiorudishwa kwa urahisi. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1969 kumchora mtu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa daktari akifanya hivyo kwa sababu za matibabu. Denmark ilikuwa imetangulia kwa sheria ya mwaka 1966, iliyokataza kuwachora wasiotimiza miaka 18, na ikakataza pia kuchora kichwa, shingo na mikono ya mtu yeyote, yaani mahali ambapo nguo haiwezi kuficha. Ufaransa ilichagua njia nyingine: mtoto aweza kuchorwa endapo mzazi au mlezi ameridhia kwa maandishi. Nao wanaotaka kufuta michoro wamewekewa ulinzi wao. Ujerumani, kuanzia mwisho wa mwaka 2020, iliamuru kazi ya kufuta kwa miali ya leza ifanywe na madaktari tu, kwa kuwa miali hiyo huivunja rangi, na baadhi ya rangi zikivunjwa huzaa kemikali zenye madhara.

KILICHOMO KATIKA WINO

Kwa muda mrefu sheria zilichunga sindano na kuusahau wino. Rangi nyingi zilizotumika hazikutengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu, bali kwa ajili ya plastiki, magari na karatasi. Baraza la Ulaya lilitoa mapendekezo mwaka 2003 na kuyaboresha mwaka 2008, lakini mapendekezo hayafungi mtu. Hatimaye Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya Desemba 2020, iliyoanza kutumika tarehe 4 Januari 2022. Kanuni hiyo inazuia au kuwekea mipaka kemikali zaidi ya 4,000.

Mipaka yenyewe ni myembamba. Risasi haitakiwi kuzidi gramu 7 katika tani 10 za wino. Arseniki haitakiwi kuzidi nusu gramu katika tani moja. Kwa benzopireni, sumu isababishayo saratani na ipatikanayo katika masizi, mpaka ni miligramu 5 katika tani nzima. Kila chupa inapaswa kuandikwa kuwa ni ya kuchorea ngozi, na kuonyesha namba ya toleo pamoja na orodha ya vitu vilivyomo. Ikiwa na nikeli, ambayo huwasha ngozi za watu wengi, ni lazima iseme hivyo. Kanuni imesimama juu ya msingi ulio rahisi kueleweka: kitu kisichoruhusiwa kupakwa juu ya ngozi kisiruhusiwe kutiwa chini yake.

Msingi huo ulizusha malalamiko. Rangi mbili, moja ya buluu na moja ya kijani, zilitegemewa sana na wachoraji, nao wakadai kuwa hakuna badala yake. Zilipewa mwaka mmoja zaidi, na marufuku yake ikaanza tarehe 4 Januari 2023. Swali lililokuwa mbele ya watunga sheria ni hili: je, rangi iruhusiwe kwa kuwa madhara yake hayajathibitishwa, au izuiwe mpaka usalama wake uthibitishwe? Umoja wa Ulaya ulichagua jibu la pili.

Hata hivyo kanuni hiyo ina upungufu. Inahusu kemikali, wala haihusu vijidudu. Wino wenye kemikali halali waweza bado kuwa na bakteria iwapo chupa imefunguliwa na kutumiwa kwa wengi. Aidha, mkaguzi hukagua duka lililoandikishwa. Anayechora jikoni kwa mashine na wino alioagiza mbali hakaguliwi na mtu.

FUNZO KWA RUBWERA

Upungufu huo wa mwisho ndio ulio karibu zaidi na maisha ya Kyerwa na Karagwe, ambako chale huchanjwa nyumbani, mbali na macho ya mkaguzi. Tanzania haiko mikono mitupu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwaandikisha waganga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto anayestahili kulindwa. Vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, na krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku. Nchi inayokataza zebaki juu ya ngozi imekwisha kuukubali msingi ule ule unaoongoza sheria ya wino huko Ulaya.

Jambo lililoeleweka vizuri zaidi ni wembe. Lisiloeleweka bado ni kile kinachopakwa baada ya wembe. Dawa ya chale mara nyingi ni unga wa mizizi au majani yaliyochomwa, uliochanganyika na masizi. Mtu aweza kuleta wembe mpya kabisa, kisha akapakwa unga uliochotwa kwa kidole katika kibuyu kile kile walichochotewa wagonjwa kumi waliomtangulia. Kidole kilichogusa jeraha kikirudi kibuyuni, damu ya mmoja humfikia mwingine, na wembe mpya huwa haukusaidia kitu. Huo ndio mfano halisi wa chupa ya wino ya pamoja.

Kadhalika piko, rangi nyeusi itumiwayo pamoja na hina katika pwani na Zanzibar, huwa na kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Umoja wa Ulaya huiruhusu kwa mipaka katika rangi za nywele, lakini si kwa kuchora ngozi, kwa kuwa yaweza kuleta malengelenge, na kumwachia mtu mzio wa maisha. Haipenyezwi kwa sindano, lakini hudhuru vilevile.

Mtu anayetaka kuchanjwa, kwa tiba au kwa pambo, hahitaji kuzijua kanuni za Ulaya kwa namba zake. Yamtosha kuuliza maswali manne kabla ngozi haijapasuliwa. Je, kifaa hiki kimefunguliwa mbele yangu? Je, dawa au wino huu umetengwa kwa ajili yangu peke yangu, na nini kimo ndani yake? Je, anayechanja ameosha mikono na kuvaa glavu mpya? Je, anayechanjwa amefikia umri wa kuamua mwenyewe? Jibu likikosekana kwa swali mojawapo, ni heri kuahirisha. Na aliyekwisha kuchanjwa kwa kifaa alichokitilia shaka asingoje dalili, kwa kuwa homa ya ini na virusi vya UKIMWI huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kujionyesha. Na aende upesi kwenye kituo cha afya, ikiwezekana siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hupaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na chanjo ya homa ya ini hufaa zaidi ikitolewa mapema.