Mitishamba, Hedhi na Ukomo Wake (Sehemu ya Pili): Nafuu Haitoshi Kuwa Ushahidi

Mwanamke akinywa dawa ya mizizi kwa miezi mitatu na joto la ghafla la ukomo wa hedhi likapungua, huisifu dawa. Ni haki yake kufurahi, ila bado hajui kilichomponya. Joto hilo hupanda na kushuka lenyewe. Uchungu na hasira za kabla ya hedhi nazo hubadilika mwezi hadi mwezi. Isitoshe, wengi wetu huanza dawa hali ikiwa imetuzidi, yaani wakati ambapo huenda ingeshuka hata bila dawa. Ndiyo maana watafiti hulinganisha. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2001, wanawake 170 wenye dalili za kabla ya hedhi waligawanywa: baadhi walipewa tunda la Vitex agnus-castus, wengine dawa bandia, yaani isiyo na tiba ndani yake. Baada ya mizunguko mitatu, asilimia 52 ya waliopewa tunda walipata nafuu kubwa, na kwa dawa bandia pia asilimia 24. Tunda lilisaidia, lakini tazama hao asilimia 24 waliopata nafuu bila tunda! Mwaka 2006 nchini Marekani, mzizi maarufu wa black cohosh ulijaribiwa mwaka mzima miongoni mwa wanawake 351, wala haukuishinda dawa bandia katika kupunguza joto. Mzizi huohuo umehusishwa na ripoti za watu kuumia ini.

Watajibu watetezi kwamba bibi zetu walitumia mitishamba na hawakudhurika. Hoja ina uzito, ila bibi hakuwa akimeza dawa za kufubaza VVU, dawa za kuzuia damu kuganda, wala vidonge vya uzazi wa mpango. Mmea wa Hypericum perforatum, unaotumiwa kuondoa huzuni, hulichochea ini kuvunja nyingi ya dawa hizo kabla hazijamaliza kazi. Hapo ndipo mimba isiyotarajiwa huingia, au virusi huongezeka tena. Hata uwatu wa jikoni, ukitumiwa kwa wingi pamoja na dawa za kisukari, unaweza kushusha sukari kupita kiasi. Wengine husema homoni za hospitali nazo zina madhara. Ni kweli: utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa homoni za mchanganyiko huongeza hatari ya saratani ya matiti. Hatari hiyo tunaijua kwa sababu ilipimwa. Unga wa kwenye mfuko usioandikwa hata jina la mmea, nani ameupima?

Basi anayetaka kutumia mitishamba atumie mmea mmoja anaoujua jina, amtajie mfamasia au daktari pamoja na dawa zake nyingine, na aache mara aonapo macho ya njano au mkojo mweusi. Aliyekaa miezi 12 bila hedhi kisha akatokwa na damu asitafute mtishamba wowote. Aende hospitali akapimwe saratani ya mji wa mimba.