Mdudu wa mti aliyehamia ghalani

Chukua hindi lililokaa ghalani miezi minne kule Masinga au Mwala, Ukambani, ulipige kiganjani. Ukiona unga unamwagika kana kwamba limetoka kinuni, huyo si panya. Ni dumuzi. Ana urefu wa milimita 3 au 4 tu, rangi ya kahawia iliyokolea, na kichwa amekiinamisha chini hata ukimtazama kwa juu hukioni. Wakulima wengi humwita Osama. Tanzania walimpa jina la Skania, kama malori.

Kabla ya kuzoea mahindi, huyu alikuwa mdudu wa miti. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, na mpaka leo hutoboa matawi makavu porini na kuzaana humo. Afrika Mashariki alitambuliwa Tabora mwaka 1981, na inaaminika aliletwa na mahindi ya msaada. Mwaka 1983 akaonekana Taveta. Njaa ndiyo iliyompa usafiri, na nina hofu kwamba ndiyo inayompa hadi sasa: ukame ukibana Ukambani, mahindi hutafutwa popote yalipo, na mwenye watoto hamwulizi mchuuzi gunia limetoka wapi.

Sheria tunayo hapa Kenya. Ile ya Ulinzi wa Mimea, sura ya 324, inaruhusu mzigo wenye wadudu kuzuiwa na kuharibiwa, na wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, wako mipakani. Mbao za kufungia mizigo ya kwenda ng'ambo lazima zitibiwe, kwa mfano kwa kupashwa moto hadi kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30. Hivyo kreti linalobeba vinyago vya Wamunyu kwenda Ulaya hutazamwa kwa makini. Lakini gunia linaloshushwa pale makutano ya Kyumbi, likapakiwa bodaboda hadi kijijini, nani huligusa? Naliona hili kuwa pengo kubwa, kwa sababu ghala la mkulima halina mkaguzi ila mwenyewe.

Na hasara si ndogo. Tanzania, katika miaka ile ya mwanzo, maghala yaliyopimwa yalipoteza hadi theluthi ya uzito wa mahindi kwa miezi 3 hadi 6. Dawa iliyowatosha fukusi wa kawaida haikumtikisa dumuzi. Ikabidi ichanganywe na permethrin. Mwaka 1992 Kenya ilimwachilia mdudu mwingine kutoka kwao dumuzi amwinde, lakini mwindaji huyo hakummaliza.

Kilicho mikononi mwa mkulima ni kumnyima dumuzi makao. Hupenda hindi lililo gunzini, kwa sababu hapo hupata pa kujishikiza anapotoboa. Punje zilizopukuchuliwa humteleza. Zikishakauka sawasawa, zikatiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani ya gunia moja, wadudu waliomo huishiwa na pumzi. Mfuko una bei, lakini mahindi ya muthokoi wa miezi sita yana bei kubwa zaidi.

Kazi inayosahaulika ni ya nguzo. Ghala hufagiliwa, mabua ya zamani huchomwa, nguzo zikaachwa, ilhali mdudu wa mti hukimbilia mti. Mavuno ya vuli huingia Februari. Kabla ya hapo, gonga kila nguzo kwa kipini cha jembe, utandaze kitambaa cheusi chini. Nguzo ikimwaga unga, ing'oe na uichome siku hiyohiyo, wala usimpe jirani ajengee banda la kuku.