Bustani kwa Kipimo cha Maji, Kuku kwa Kipimo cha Chakula

Nyumba nyingi nchini Kenya, za mashambani na za mijini, hupeleka sokoni kila wiki fedha za mboga na mayai, na huku nyuma ya jiko pana kipande cha ardhi kilichomea magugu. Mwenye nyumba akiulizwa sababu, mara nyingi hujibu kwamba alikwisha kujaribu. Wakati wa mvua alilima mahali pakubwa, akapanda sukuma wiki za kuwatosha majirani wote. Mvua ilipokatika, mboga zikakauka. Tena alinunua kuku 20. Baada ya miezi michache wengine walikufa, wengine walichukuliwa na mwewe, na waliosalia waliingia bustanini wakaimaliza. Tangu hapo alikata tamaa.

Kosa la mtu huyo si uvivu. Kosa lake ni kukosa kipimo. Bustani ya nyumbani haipimwi kwa ukubwa wa ardhi, bali kwa maji yanayopatikana katika mwezi ulio mkavu kuliko yote. Wala kuku hawapimwi kwa fedha za kuwanunulia, bali kwa chakula kitakachopatikana cha kuwalisha kila siku. Ashikaye mambo haya mawili hatakosa mboga mezani, wala watoto wake hawatakosa yai.

HESABU YA MAJI

Kabla ya kushika jembe, yafaa kuhesabu maji. Katika siku za kiangazi tuta la mboga lenye upana wa futi 4 na urefu wa futi 15 lataka kiasi cha lita 25 kwa siku, yaani mtungi mmoja wa lita 20 na robo ya mtungi wa pili. Matuta 4, basi, yataka lita 100, ambazo ni mitungi 5. Kama mfereji uko uani, kazi hiyo ni ndogo. Lakini kama maji hutoka mtoni, na mama wa nyumba ndiye ayabebaye mgongoni, mitungi 5 juu ya ile ya kupikia na kufulia ni mzigo usiovumilika. Nyumba kama hiyo na ianze na tuta 1 au 2. Matuta 2 yaliyo na majani mabichi mwezi wa Februari yana faida kuliko matuta 10 yanayopendeza mwezi wa Mei tu, wakati ambapo mboga ni tele sokoni na bei yake ni ndogo.

Ziko njia za kuyafanya maji machache yatoshe. Maji yaliyooshea mboga na mchele yasimwagwe njiani, bali yapelekwe bustanini. Udongo ufunikwe kwa nyasi kavu baina ya miche, ili jua lisiunyonye unyevu. Kumwagilia kufanywe asubuhi mapema au jioni, na maji yaelekezwe kwenye shina. Mwenye nyumba ya mabati na atie mifereji ya kukinga maji ya mvua, maana milimita 10 za mvua zikinyesha juu ya paa la mita 30 za mraba, zaweza kujaza kiasi cha lita 300, zikipungua kidogo kwa yale yapoteayo. Hayo ni maji ya matuta 4 kwa siku 3.

MATUTA NA MBOGA ZAKE

Upana wa futi 4 haukuchaguliwa bure. Mtu akisimama upande wowote wa tuta, mkono wake hufika katikati, wala hana haja ya kukanyaga udongo uliokwisha kulainishwa. Baina ya matuta iachwe njia ya futi moja na nusu. Udongo ulimwe kwenda chini, na kila tuta litiwe madebe 2 ya samadi iliyooza vizuri. Mahali penye mvua nyingi, kama Nyeri au Kakamega, tuta liinuliwe ili maji yasituame. Mahali pakavu, kama Kitui na sehemu nyingi za Machakos, ni afadhali tuta liwe chini kidogo kuliko njia, ili kila tone libaki kwenye mizizi.

Mboga za kwanza ni zile zinazoliwa nyumbani kila siku. Sukuma wiki yafaa kupandwa kitaluni, na miche ihamishwe ikiwa na umri wa wiki 4 hadi 6. Tuta la urefu wa futi 15 hutosha miche 20 katika mistari miwili. Majani huanza kuchumwa baada ya wiki 6 hadi 8, nayo huchumwa ya chini tu. Ya juu yaachwe, maana ndiyo yaupayo mmea nguvu. Ukitunzwa hivyo, mche mmoja huendelea kutoa majani kwa miezi mingi. Mchicha, ambao wengi huuita terere, huwa tayari kwa muda wa wiki 3 hadi 4 tu. Kunde huvumilia ukame, na majani yake ni mboga, na mbegu zake ni chakula. Mnavu, saga na mrenda, mboga zilizojulikana na wazee tangu zamani, hazitaki kubembelezwa sana. Huko pwani, ambako joto huitesa kabeji, bamia, biringani na mchicha hustawi vizuri zaidi.

Wengi hukosea kwa kupanda mbegu zote siku moja. Mboga zote huiva pamoja, nyumba hushiba wiki 3, kisha hukaa na njaa ya mboga miezi 2. Njia bora ni kupanda sehemu ya tuta leo, na sehemu ya pili baada ya wiki 2 au 3. Tena tuta lililotoa nyanya lisipandwe nyanya msimu unaofuata, wala viazi, biringani, pilipili au mnavu, maana hizo zote ni ukoo mmoja na magonjwa yake ni yale yale. Vivyo hivyo kabeji isifuate sukuma wiki. Kunde au maharagwe yafuate, kisha vitunguu.

KUKU WANGAPI?

Hapa ndipo hesabu ya pili inapohitajiwa. Kuku mkubwa anayetaga hula kiasi cha gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku 6, basi, hula kama gramu 720 kwa siku, yaani karibu kilo 22 kwa mwezi. Kuku 20 hula kilo 72. Nyumba ya watu 7 haiwezi kuwa na mabaki ya kuwatosha kuku 20, na chakula cha dukani kikinunuliwa chote, huenda yai likawa ghali kuliko lile la sokoni. Kwa hiyo kuku 5 au 6 na jogoo mmoja huitosha nyumba nyingi, na kama haja ni mayai ya kula tu, hata jogoo si lazima, kwa kuwa kuku hutaga pasipo jogoo.

Chukua mfano wa kuku 6, kila mmoja akitaga mayai 3 kwa wiki. Hayo ni mayai 18. Watoto 4 wakila mayai 3 kila mmoja katika wiki, yatabaki 6 ya kuuzwa ili kununua pumba za mahindi, dagaa na chokaa ya mifugo. Kuku wa kienyeji aachwaye atembee na kujitafutia hafiki hesabu hiyo. Mara nyingi hutaga mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka, kwa kuwa hula asichokitosheka, na muda wake mwingi hupita akiatamia na kulea. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, katika kituo chake cha Naivasha, limezalisha kuku wa kienyeji walioboreshwa, wanaotaga zaidi. Lakini hao hawana desturi ya kuatamia. Mwenye kutaka vifaranga na abaki na kuku mmoja wa asili aliye mlezi mwema, amwekee mayai 10 hadi 12, naye atayaangua baada ya siku 21.

Nyumba yao isiwe ya gharama. Mita moja ya mraba hutosha kuku 4 au 5. Hewa ipite, mvua isiingie, na mlango ufungwe kila magharibi kwa ajili ya nguchiro na kicheche. Ndani pawe na miti ya kulalia, na kiota kimoja kwa kila kuku 4 au 5, mahali penye giza kidogo. Maji safi yasikosekane, maana kuku akikosa maji kwa siku moja tu, mayai hupungua mara. Majani yaliyochakaa ya bustani, magugu na viwavi wa sukuma wiki ni chakula chema kwao.

ADUI AITWAYE KIDERI

Hakuna jambo lililowavunja moyo wafugaji wadogo kuliko kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, na kwa sababu hiyo wataalamu huuita kwa jina la mji huo. Kuku huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, hupinda shingo, na katika siku chache banda zima laweza kuwa tupu. Ugonjwa ukiingia, hauna dawa. Njia ni moja tu, nayo ni chanjo kabla haujaja.

Chanjo hutengenezwa hapa Kenya na taasisi ya serikali iitwayo KEVEVAPI, nayo kwa kawaida hutiwa tone moja katika jicho la kuku aliye mzima. Desturi njema ni kuirudia kila miezi 3. Shida iko katika chupa: chupa moja hutosha kuku 100 au zaidi, hali mwenye bustani ana kuku 6, na ikiisha kuchanganywa haiwekwi mpaka kesho. Kwa ajili hiyo yawapasa majirani kupatana siku moja, wakachanga fedha na kumwita daktari wa mifugo au msaidizi wake. Jambo hili lina faida mbili: gharama hugawanywa, na ugonjwa hukosa banda la kuanzia. Aliyechanja peke yake kijijini amezungukwa na hatari.

Na kuku anunuliwaye sokoni asichanganywe na wenzake siku ile ile. Wazee husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na afungiwe mbali kwa wiki 2, ili ijulikane kama amekuja na ugonjwa.

SAMADI HURUDI BUSTANINI

Kuku mmoja hutoa gramu 100 au zaidi za kinyesi kibichi kwa siku. Kuku 6, kwa mwezi, hutoa kilo 18 za mbolea, na hiyo ndiyo itakayolisha matuta bila kununua gunia dukani. Lakini kinyesi kibichi ni kikali. Huunguza mizizi, tena chaweza kuleta magonjwa kwa wale walao majani mabichi. Kichanganywe na majani makavu, nyasi na majivu kidogo, kirundikwe kivulini, kigeuzwe mara kwa mara, na kiachwe kioze kwa miezi 2 au 3. Kikiwa cheusi na hakina harufu mbaya, ni tayari.

Bustani izungushiwe wavu au fito zilizosongamana, maana kuku mmoja akiingia kwa robo saa huweza kufukua kazi ya mwezi mzima. Mavuno yakiisha katika tuta, hapo ndipo waruhusiwe kuingia, ili wale wadudu na mbegu za magugu kabla ya tuta kulimwa tena.

KWA WAISHIO MJINI

Karani apangaye chumba mjini asidhani kwamba maneno haya hayamhusu. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi, na katikati likatiwa mawe madogo ya kupitishia maji, hupandwa miche juu na ubavuni, nalo hukaa mlangoni. Kuhusu kuku, ni vema kwanza kumwuliza mwenye nyumba na ofisi ya kaunti. Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, na kila mahali pana kanuni zake.

DAFTARI

Neno la mwisho ni la kalamu. Daftari dogo litundikwe jikoni, na kila siku iandikwe idadi ya mayai, mboga zilizochumwa, fedha za chakula cha kuku, na tarehe ya chanjo. Baada ya miezi 3 daftari litasema wazi ni kuku yupi hali chakula cha bure, na kama maji yatosha tuta jingine. Likisema yatosha, tuta liongezwe. Likisema hayatoshi, mwenye bustani na atosheke na yale aliyo nayo, ayatunze vizuri. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hujazwa na yule ajuaye ukubwa wake.