Milisho ya habari: Njia ya kufuata tovuti nyingi bila kupoteza muda na pesa

HABARI iliyochelewa humgharimu mkulima sawa na mvua iliyochelewa. Katika eneo la Kibomet, Kitale, na katika mashamba yanayotandaa kuelekea Bungoma, mahindi hupandwa mvua ndefu zinapoanza mwezi wa Machi au Aprili na huvunwa kuanzia Oktoba. Kati ya nyakati hizo mbili, mkulima hukabiliwa na maswali mengi. Mvua itaanza lini hasa? Mbolea ya ruzuku itafika kituo gani? Serikali itanunua gunia la kilo 90 kwa bei gani? Siku hizi, majibu ya maswali hayo mara nyingi hutangazwa kwanza kwenye mtandao wa intaneti.

Tatizo ni kwamba majibu hayo hayakai mahali pamoja. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ina tovuti yake. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, ina yake. Hali kadhalika Wizara ya Kilimo, serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, na kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, ambayo makao yake makuu yako papo hapo Kitale. Fauka ya hayo, mzazi hufuatilia matangazo ya Baraza la Mitihani, KNEC. Kijana naye husaka nafasi za kazi na zabuni, kwani tangu mwaka wa 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Gazeti Rasmi la Serikali nalo huchapishwa kila Ijumaa.

Tuseme mkazi mmoja wa Kibomet ana tovuti 15 anazozihitaji, na kila moja humchukua dakika tatu kuifungua na kuikagua. Hizo ni dakika 45 kwa siku, yaani zaidi ya saa tano kwa wiki. Mara nyingi atakuta hakuna jipya, ilhali data ya simu imekwisha kutumika kupakua picha na matangazo ya biashara yasiyomhusu. Akichoka na kuacha kuzikagua, ndiyo siku ambayo tangazo muhimu litawekwa na muda wake kupita.

Ipo njia ya kuepuka adha hiyo, nayo si ngeni. Badala ya mtu kuzifuata tovuti, tovuti ndizo zinazomfuata.

Mlisho ni nini?

Tovuti nyingi za habari huwa na faili maalum ambayo msomaji wa kawaida haioni. Faili hiyo ni orodha fupi ya mambo mapya yaliyochapishwa: kichwa cha kila habari, tarehe yake, muhtasari wake na anwani ya ukurasa wenyewe. Kila habari mpya inapowekwa, faili hujiandika upya. Faili hiyo ndiyo huitwa mlisho, na aina yake mashuhuri zaidi hujulikana kwa herufi tatu, RSS. Toleo la kwanza la RSS lilitolewa na kampuni ya Netscape ya Marekani mwaka wa 1999, na lile linalotumika sana hadi leo, RSS 2.0, likafuata mwaka wa 2002. Ishara yake ni mraba wa rangi ya chungwa wenye kitone na mawimbi mawili meupe.

Ili kuufaidi mlisho, mtu huhitaji programu ya kuusoma. Mtumiaji huipa programu hiyo anwani za tovuti anazozitaka. Kutoka hapo, programu huzitembelea faili hizo kila baada ya muda, hulinganisha ilichokikuta na kile ilichokuwa nacho awali, kisha humwekea mwenyewe yale mapya tu katika orodha moja. Mtu hufungua ukurasa mmoja na kusoma vichwa vya habari kutoka tovuti zote 15. Kinachomvutia hukibonyeza, kisichomhusu hukipita.

Faida zake ni tatu. Kwanza, mlisho huwa ni maandishi kwa sehemu kubwa, kwa hivyo hutumia data kidogo kuliko ukurasa kamili. Pili, msomaji halazimiki kuiachia kila tovuti jina lake, nambari ya simu wala barua pepe. Tatu, habari kwa kawaida hupangwa kwa tarehe. Hakuna kampuni inayoamua kuwa tangazo la mbolea lisionekane kwa sababu halikupendwa na watu wengi.

Mikondo ya mabadiliko

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wakenya wengi waliifikia intaneti kupitia vibanda vya mtandao vilivyotoza ada kwa dakika. Mawasiliano na nchi za nje yalitegemea setilaiti, hivyo yalikuwa ghali na ya polepole, hadi nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009. Katika mazingira hayo, njia yoyote ya kusoma mengi kwa dakika chache ilikuwa na thamani.

Thamani ya kuwa na vyanzo vingi ilidhihirika wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari, Wakenya wengi, hasa walioishi ughaibuni, waligeukia blogu za wenzao kujua yaliyokuwa yakitokea nyumbani. Ni kutokana na hali hiyo ambapo Januari 2008 Ory Okolloh na wenzake, wakiwemo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walianzisha Ushahidi, tovuti iliyokusanya ripoti za wananchi zilizotumwa kwa intaneti na kwa ujumbe mfupi wa simu na kuziweka kwenye ramani. Wazo lake lilikaribiana na lile la mlisho: habari zilizotawanyika zikikusanywa mahali pamoja, hupata maana ambayo kila moja peke yake haina.

Programu maarufu zaidi ya kusomea milisho wakati huo ilikuwa Google Reader, iliyozinduliwa Oktoba 2005. Hata hivyo, mnamo Machi 2013 Google ilitangaza kwamba ingeifunga, na Julai 1 mwaka huo ikafungwa. Waliokuwa wamehifadhi orodha zao za tovuti walihamia kwingine kwa urahisi. Wasiohifadhi walilazimika kuanza upya. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na funzo hilo lingali na uzito. Programu nyingi za milisho huweza kutoa orodha ya tovuti zote za mtumiaji katika faili moja iitwayo OPML. Ni busara kuitoa mara kwa mara na kuihifadhi mahali salama.

Jinsi ya kuanza

Hatua ya kwanza ni kuchagua programu. Feedly, Inoreader na NewsBlur hutumika kwenye simu na kwenye kompyuta, nazo zina huduma ya bila malipo kwa mtu asiyehitaji mambo mengi. Anayetumia Thunderbird kusomea barua pepe anaweza kuitumia programu hiyo hiyo kusomea milisho.

Hatua ya pili ni kuingiza anwani. Mara nyingi inatosha kuandika anwani ya kawaida ya tovuti, na programu yenyewe itautafuta mlisho. Ikishindwa, ipo njia nyingine rahisi. Tovuti nyingi, zikiwemo za mashirika madogo, hutengenezwa kwa mfumo wa WordPress, ambao hutoa mlisho bila mwenye tovuti kufanya lolote. Katika tovuti za aina hiyo, mtu huongeza tu neno feed baada ya mkwaju mwishoni mwa anwani.

Hatua ya tatu ni kupanga. Mkulima anaweza kuwa na kapu la hali ya hewa, la bei na mbolea, la magonjwa ya mimea, na lingine la elimu ya watoto. Yale yenye muda maalum, kama zabuni na mitihani, yawekwe juu ili yasomwe kwanza. Yale ya burudani yasubiri jioni.

Zipo tovuti zisizotoa mlisho, na baadhi ya tovuti za taasisi za umma zimo katika kundi hilo. Kwa hizo, huduma kama Visualping na Distill huuchunguza ukurasa na kumwarifu mtu unapobadilika. Vilevile, Google Alerts humwezesha mtu kuandika maneno anayoyafuatilia, mathalani jina la mji na zao, kisha akapokea barua pepe kila mara maneno hayo yanapochapishwa mahali papya.

Nafasi ya mitandao ya kijamii

Wapo watakaouliza ni kwa nini mtu asitegemee Facebook, X au WhatsApp pekee. Mitandao hiyo ina nguvu ambayo mlisho hauna, kwani humfikia mtu haraka na humpa nafasi ya kujibu na kuuliza.

Mfano wa kuigwa ulitoka Lanet Umoja, Kaunti ya Nakuru. Chifu Francis Kariuki, aliyefariki mwaka wa 2020, alipata umaarufu duniani mwaka wa 2012 kwa kuitumia Twitter kuwasiliana na raia wake. Aliwahi kupigiwa simu saa kumi alfajiri kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Aliandika ujumbe, na baada ya dakika chache wakazi walikusanyika nje ya nyumba hiyo, wezi wakatoroka. Mtandao huo huo ulisaidia kutafuta mifugo iliyopotea. Jambo la kuzingatia ni kwamba wakazi wengi hawakuwa na simu za kisasa. Walipokea ujumbe wa chifu kama ujumbe mfupi wa kawaida kwenye simu zao ndogo.

Huduma hiyo ya ujumbe mfupi iliondolewa na Twitter katika nchi nyingi Aprili 2020, na mwaka wa 2023 mtandao wenyewe ukabadilishwa jina kuwa X. Hapo ndipo udhaifu wa kutegemea mtandao mmoja unapoonekana: mwenye mtandao akibadilisha kanuni, mtumiaji hana la kufanya.

Udhaifu mwingine ni kwamba Facebook na X huchagua wenyewe kitakachotangulizwa, na kwa kawaida hutanguliza kinachozua mjadala. Dawa ni mtumiaji kuchagua mwenyewe. X ina sehemu inayoonyesha akaunti ambazo mtu amezifuata tu, na tangu mwaka wa 2009 imemruhusu kutengeneza orodha, kwa mfano orodha ya taasisi za kilimo pekee. Facebook humwezesha mtu kuteua kurasa chache zitangulizwe. WhatsApp nayo ilianzisha chaneli mwaka wa 2023, ambazo msomaji hupokea taarifa bila wafuasi wenzake kuiona nambari yake ya simu. Kwa walio wengi wa Kitale na Bungoma, ambao WhatsApp tayari imo katika simu zao, huenda huo ndio mlango mwepesi zaidi wa kuingilia.

Tahadhari

Habari zinazowahi si lazima ziwe za kweli. Walaghai hufungua kurasa zenye majina yanayofanana na ya taasisi za serikali, wakaahidi mbolea, kazi au ufadhili wa masomo, kisha wakadai ada itumwe kwa simu. Anayezifuata tovuti rasmi kwa mlisho ana kinga, kwa kuwa anwani aliiingiza yeye mwenyewe, wala haikuletwa na mtu asiyemjua. Kwenye X, alama ya buluu si thibitisho tena, maana hununuliwa. Alama ya kijivu ndiyo hutolewa kwa taasisi za serikali. Isitoshe, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 iliweka adhabu kwa wanaosambaza kwa makusudi habari wanazojua ni za uongo. Kabla ya kusambaza tangazo katika kundi la kijiji, ni vyema kulilinganisha na tovuti ya taasisi inayotajwa.

Kwamba habari ya mapema huokoa mazao lilibainika mwaka wa 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia nchini na kushambulia mahindi Trans Nzoia na kaunti jirani. Kiwavi huyo huangamizwa kwa urahisi akiwa mchanga. Akishajificha ndani ya moyo wa mhindi, dawa humfikia kwa shida. Siku chache za kujua au kutojua ndizo hutenganisha shamba lililopona na lililoliwa.

Si lazima kila mkazi ajifunze mambo haya kwa wakati mmoja. Katika kikundi cha wakulima, chama cha akina mama au shule, inatosha kuwa na mtu mmoja mwenye programu ya milisho iliyopangwa vizuri. Kwa dakika kumi kila asubuhi, anaweza kuzipitia tovuti zote zinazowahusu wenzake, akathibitisha yaliyo ya kweli, kisha akayatuma kwenye chaneli ya WhatsApp au kwa ujumbe mfupi kwa wale wenye simu ndogo. Kwa njia hiyo, tangazo lililowekwa Nairobi, takriban kilomita 380 kutoka Kitale, litamfikia mwenye shamba Kibomet kabla jua halijawa kali.