Kilometa Arobaini na Lengelenge Moja

Mwaka jana niliondoka Mwisenge, Musoma, saa kumi na nusu alfajiri, chupa ya maji begani na chapati mbili mfukoni, nikaishika njia ya Butiama kwa miguu. Bweri nilipita kifua mbele. Kufika Makutano, kisigino cha kushoto kimeshatoa lengelenge. Kijana wa bodaboda akaniandama: "Mzee, panda tu, nitakupunguzia." Sikupanda. Ila Butiama niliingia viatu mkononi.

Ni kama kilometa 40. Wazee husimulia kuwa Kambarage Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliutembea mwendo huo mwaka 1934 kwenda kuanza shule Mwisenge. Alikuwa na miaka 12. Baadaye Tabora, Makerere, kisha mwaka 1949 akavuka hadi Edinburgh, Uskochi, akarudi 1952 na shahada ya M.A. Huku kwetu Mara tunapenda kuitaja shahada ile. Mimi, tangu siku ya lengelenge, nataja miguu.

Maana Oktoba 1967, akiwa Rais, alitoka Butiama akatembea hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU: takriban kilometa 220 kwa siku nane. Azimio la Arusha lilikuwa na miezi minane, na vijana kila pembe ya nchi walikuwa wakitembea kuliunga mkono. Igawanye hesabu hiyo: kilometa 27 na ushee, ulale, uamkie nyingine. Mimi nakaa Bunda. Akifika hapa, zaidi ya nusu ya safari ilikuwa bado. Siku hizi tunapanda basi hapahapa kwenda Mwanza na bado tunalalamikia kiti.

Mtembeaji huyo naye aliwahi kuwa mgeni, Edinburgh, miaka mitatu, na naona hilo halikumtoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nasi Watanzania, wakati wa urais wake, tulilitoa kwelikweli: wakimbizi wa Burundi walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima wakajilisha. Mwaka 1980 Wanyarwanda wapatao 36,000 wakapewa uraia. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa Tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowahudumia wakimbizi.

Kaburi lake na makumbusho viko Butiama. Ukienda, shuka Makutano, kipande kilichobaki ukitembee. Beba soksi za akiba.