Presha kazini Johannesburg: Kipimo kisiishie hotelini

Katika mahoteli na migahawa ya Johannesburg wako watu wanaotembea na presha bila kujua. Si kwamba hawajali afya zao. Ugonjwa huu hauumi, na wengine huugundua siku wanayopata kiharusi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Afrika Kusini wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 46 ya wanawake na asilimia 44 ya wanaume wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Mwaka 1998 ilikuwa asilimia 25 na 23.

Zamu za hoteli nazo zinauficha ugonjwa. Aliyekesha kazini hulala mchana kliniki zikiwa wazi, na wa mchana hutoka jioni nyingi zimeshafungwa. Ndiyo maana tunaona ni busara mashine ipelekwe huko huko kazini.

Lakini kipimo kina masharti. Mhudumu aliyetoka mbio jikoni akipimwa papo hapo, namba itapanda bure. Akae kimya dakika tano, mgongo ukiegemea, mkono usawa wa moyo, apimwe mara mbili. Akifika 140 kwa 90, arudiwe siku nyingine kabla ya kuambiwa ni mgonjwa. Ila 180 kwa 120 si ya kusubiri. Amuone daktari siku hiyo hiyo.

Na bosi akiiona namba, kibarua hakitaota nyasi? Sheria ya Usawa wa Ajira ya mwaka 1998 inakataza kumpima mfanyakazi afya, isipokuwa pale sheria inaporuhusu au kukiwa na sababu ya msingi. Kwa hiyo kupima kuwe kwa hiari, na majibu aondoke nayo mwenyewe.

Kwa ndugu zetu kutoka Tanzania, Kongo na kwingineko kuna kikwazo kingine. Mwaka 2025 kundi la Operation Dudula lilisimama milangoni mwa kliniki likiwazuia wageni. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu mjini Johannesburg ililipiga marufuku kufanya hivyo. Katiba ya nchi hiyo inampa kila mtu, si raia pekee, haki ya kupata huduma za afya.

Dawa za presha ni za kila siku, na kliniki ni ya kurudiwa. Mwenye hoteli anayeleta mashine ampe mfanyakazi wake pia muda wa kwenda kliniki bila kumkata mshahara. Vinginevyo atakuwa amempa namba ya kumkosesha usingizi tu.