Planetari ya Shule Isifungwe: Pesa Kidogo Iende Wapi

Kama mwanao anasoma Marekani na wilaya yenu ya shule imesema itafunga planetari, ule ukumbi wa kuba ambamo watoto huonyeshwa anga la usiku mchana kweupe, usichelewe. Katika majimbo mengi mwaka wa fedha wa shule huanza Julai 1, kwa hiyo bodi hupitisha bajeti kabla Juni haijaisha. Malalamiko matupu hayataokoa kitu. Nenda na hesabu.

Pengo la bajeti limetoka wapi? Wakati wa UVIKO-19 serikali kuu ilizipa shule takriban dola bilioni 190 za dharura, na muda wa kuzipangia matumizi uliisha Septemba 2024. Wilaya zilizozitumia kulipa mishahara sasa zinapunguza kila zinachoona si cha lazima.

Mengi ya makuba haya yalijengwa baada ya Wasovieti kurusha Sputnik mwaka 1957, Marekani ilipotoa fedha za vifaa vya sayansi mashuleni. Ndani yake mara nyingi imo mashine ya enzi hizo: tufe lenye vitundu, taa katikati, mota na gia. Usiidharau. Nyota zake ni kali na giza lake ni giza kweli, na ilishalipiwa zamani. Kama kilichokufa ni taa au waya, itengenezwe. Kama ni gia, tahadhari: vipuri ni adimu, mafundi ni wachache, na fundi akitoka mbali utamlipia nauli na hoteli kabla hajashika bisibisi.

Muuzaji wa vifaa atakushauri ununue mfumo mpya wa kidijitali. Ni mzuri, unampeleka mtoto mpaka kwenye pete za Zohali. Lakini kwa ukumbi mzima bei yake yaweza kufika laki kadhaa za dola, na maumivu yenyewe huja baadaye: mkataba wa matengenezo wa kila mwaka, leseni za filamu, kompyuta zinazochakaa baada ya miaka michache. Wilaya iliyoishiwa isiuguse.

Ningeweka pesa yangu kwenye njia ya kati, ambayo wauzaji hawaitangazi sana. Kuba lenyewe, la alumini yenye vitundu vidogo, hudumu miongo. Libakize. Weka projekta ya kawaida imulike kioo kilichobinuka kama robo ya mpira, nacho kisambaze picha kuba zima. Programu ya kuonyesha anga, Stellarium, ni ya bure na ina mpangilio wa kioo cha namna hiyo. Projekta, kioo, kompyuta na spika kwa kawaida hugharimu kidogo sana kuliko mfumo mpya wa kidijitali.

Kasoro zipo. Weusi wa anga unakuwa wa kijivujivu, na upande mmoja wa kuba picha hupoteza ukali. Njia hii inafaa kuba dogo, la mita 9 au 10. Kioo nacho kinataka adabu: utando unaoakisi uko juu kabisa, hauna kinga, kwa hiyo alama ya kidole huonekana darini, na ukiifuta kwa kitambaa chochote utaacha mikwaruzo ya kudumu. Kifunikwe kila somo likiisha.

Kuba la kupuliza ni jambo jingine. Likiwa na projekta yake ni makumi ya maelfu ya dola, ila linafuata watoto walipo. Nchini Kenya, shirika la The Travelling Telescope limekuwa likizunguka nalo shuleni. Linafaa pale ambapo jengo lenu limeoza paa. Kumbuka feni inayonguruma muda wote, ukumbi wa michezo utakaochukuliwa siku nzima, na mtoto mwenye kiti cha magurudumu: aingieje?

Wako watakaosema, tufunge tu, watoto wapelekwe planetari ya mjini. Piga hesabu. Tuseme basi ni dola 400 kwa safari, na madarasa 80 yanakwenda mara moja kwa mwaka, mawili kwa basi. Hizo ni dola 16,000, kila mwaka, bila tiketi. Na kufunga kwenyewe, ukumbi ukibomolewa au kubadilishwa, si bure: majengo ya miaka ya 1960 huweza kuwa na asbesto, na kuiondoa ni kazi ya wataalamu wenye bei zao.

Gharama kubwa ya kila mwaka ni mshahara wa mwalimu wa planetari, na hapo ndipo usikubali punguzo la haraka. Mashine bila mwalimu hugeuka sinema. Kama haiwezekani kumlipa siku zote tano, pendekeza afundishe sayansi darasani nusu ya wiki na nusu awe kwenye kuba. Jioni mbili kwa mwezi zifunguliwe kwa familia kwa kiingilio kidogo. Zitalipia taa na matengenezo madogo, mshahara hazitafikia, na usiahidi kwamba zitafika.

Kwenye mkutano wa bodi jiandikishe mapema kuzungumza, na kama Kiingereza kinakusumbua omba mkalimani siku kadhaa kabla. Mfadhili akijitokeza na mfumo mpya wa zawadi, mshukuru, kisha uulize mbele ya wote nani atalipa mkataba wa matengenezo mwaka wa tano.